Chanuo Halina Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumetoa kitandani kitambaa cha kwanza cha pazia la shule. Kitanda cha kufumia, siyo cha kulala. Nyumba hii ina vitanda viwili, na cha kufumia ndicho kikubwa, ndicho kilichopewa chumba chenye madirisha. Cha kulala tumekibana nyuma ya kabati. Kipara, mume wangu, husema ndiyo maana tulipata mtoto mmoja tu.

Kitambaa kibaya. Niandike tu, nani anasoma? Upande mmoja umenyooka kama rula. Upande wa pili unajikunja-kunja, kama mdomo wa mtoto anayejizuia kulia. Tumekitandaza sakafuni. Nimekinyunyizia maji, nimekipiga pasi, nimekikalia. Wapi!

Mume wangu kasimama juu yake, kauliza: hiki nini?

Nilijua. Nilijua tangu siku ile tunaviringisha mtande, zile nyuzi za urefu, kwenye gogo — nyuzi za upande wake wa kushoto zilikuwa zinalala chini. Yeye ndiye mvutaji. Tangu tuoane ndiye mvutaji: mimi nazungusha gogo kule nyuma, yeye kasimama mbele kashika nyuzi zote, nusu mkono huu, nusu mkono huu, anavuta sawa kwa sawa ili mtande ujiviringishe umekaza. Safari hii mkono wa kulia ulivuta. Wa kushoto ulishika tu.

Na mimi nikafungua mdomo, nikasema: "Ni chanuo."

Limetoka lenyewe! Sikulipanga. Kipara kageuka, kalitazama chanuo pale ukutani. "Chanuo la baba yako?" Nikasema ndiyo, limezeeka, mbao imepinda, meno ya upande ule yameachana. Katikisa kichwa polepole. Nikaona mabega yake yanashuka — kwa nafuu. Alikuwa anaogopa nitasema kitu kingine.

Basi nimemsingizia marehemu baba yangu.


Jumanne, 5 Machi

Sijafanya kitu leo. Nimekaa nikilitazama.

Ni ubao tu, mrefu kama upana wa kitanda, baba kaupigilia misumari mstari mmoja kama meno ya kitana, kisha kaukatia kifuniko cha kuizuia misumari kwa juu. Unapanga nyuzi ndani ya meno, kitita kwa kitita, ili zienee upana wote bila kubanana huku na kuachana kule. Unafunga kifuniko. Unaviringisha. Ukimaliza unaling'oa na kulitundika ukutani, linakaa bure mpaka mtande mwingine. Kipara huliita Mheshimiwa: linafanya kazi siku moja, linapumzika msimu mzima.

Nimepitisha kidole kwenye meno yote. Hakuna lililoachana. Baba alikuwa mtu wa hasira za karibu kama mimi, lakini msumari hakukosea.

Mwaka jana Kipara alikuwa anakunywa chai, mdomo ukapinda. Kabla jua halijazama ukarudi mahali pake, tukacheka, nikamwambia hata kabla ya kupinda haukuwa mzuri. Lakini daktari hakucheka. Binti mdogo tu, miwani mikubwa. Aliniita pembeni akasema: mkono ukilegea, mama, hata kidogo, mrudishe siku hiyo hiyo. Usingoje. Alinishika kiwiko alipokuwa anasema.

Mimi nimengoja. Nimengoja na nimetafuta cha kusingizia.


Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi kadondosha kikombe. Kasema kina mafuta. Nikasema ndiyo, sikukiosha vizuri. Nimekiosha vizuri! Mimi nisioshe kikombe vizuri?

Sasa nikianza kutazama naona kila kitu. Vifungo vya shati anafunga kwa mkono mmoja, akigeukia dirishani. Mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Kiatu cha kushoto kinakwaruza sakafu, kidogo sana, lazima usikilize. Ninasikiliza. Nimekuwa mpelelezi nyumbani kwangu.

Mchana kaja mwalimu mkuu kuulizia pazia la ukumbi. Vitambaa vitatu vya kuunganishwa, na wanafunzi wana mchezo wao wa kuigiza wiki kadhaa zijazo. Kipara kampokea kwa maneno matamu, kamketisha. Kamwambia tumechelewa kidogo, chanuo la mkwe wangu limechoka. Linatawanya nyuzi. Mwalimu mkuu kalitazama lile chanuo ukutani, kasema: pole, vitu vya zamani ndivyo vilivyo.

Nilitaka kumtupia mpira wa uzi. Amekosa nini yule mama? Amesema aliloambiwa.

Na Kipara alilisema vizuri. Kwa uhakika, kama mtu aliyelipima mwenyewe. Uongo wangu unamkaa vizuri kuliko mimi.


Ijumaa, 8 Machi

Leo nilijaribu ujanja. Nikamwambia: mgongo unaniuma, tubadilishane, wewe uzungushe gogo, mimi nivute. Kuzungusha unaweza kwa mkono mmoja. Nilidhani nimefikiri!

Kanitazama. "Mgongo unakuuma ndiyo maana unataka kuvuta?"

Nikajishika kiuno. Kacheka mpaka kakohoa. "Pilipili, wewe kudanganya hujui. Sema tu umechoka kunipa mgongo, unataka kuniona uso."

Nikacheka naye. Nilikuwa nakufa.


Jumapili, 10 Machi

Binti yetu kapiga simu. Anauliza baba hajambo? Nikasema hajambo. Kazi? Inaendelea. Kaomba kuzungumza naye, wakaongea mambo ya mpira, wakabishana, sauti yake iko safi kabisa. Maneno hayajaguswa. Nilisimama mlangoni na mwiko, nikaanza kujipa moyo: labda ni ubaridi, labda alilalia mkono, labda kweli mbao imepinda na mimi ndiye sioni.

Kisha akahamisha simu kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto. Ikaanguka.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yangu alilisema hilo kila mtu alipokohoa, tulikuwa tunalichoka. Lakini hakusema cha kufanya kama maradhi si yako, kama unayeficha ni wewe na atakayeumbuliwa ni mwingine.

Niseme sababu. Niiandike mara moja. Baba mkwe naye alikuwa mfumi. Macho yakamwacha, wakamwambia mzee pumzika. Wakamwekea kiti karibu na dirisha. Kiti cha kawaida, cha mgongo. Mtu ambaye maisha yake yote alikaa kwenye ubao wa kitanda cha kufumia, miguu ikikanyaga, mikono ikirusha. Akakaa kwenye kiti kile. Hakuugua. Alikaa tu, akawa anapapasa mkono wa kiti kama anatafuta uzi, na mvua zilipoanza tukamzika. Kipara alikichukua kile kiti akakipasua kuni. Akaniambia siku ile ile: siku nikiharibu nguo kwa mwili wangu, mimi nafunga mlango huu, na usiniletee kiti.

Sasa nguo imeharibika. Nikisema mkono, nimemletea kiti. Nikisema chanuo, nimemnyima daktari. Haya, Pilipili, chagua!


Jumatatu, 11 Machi

Mungu wangu.

Nimeamka, jiko linawaka tayari. Chai tayari. Kipara kajitahidi, kavaa hata kofia. "Leo nimekuondolea adha," kasema.

Nikatazama ukutani. Kigingi kitupu.

Kalikata kwa msumeno alfajiri, vipande vidogo vidogo vya kuwashia moto. Chanuo la baba. Chai ile niliyoshika mkononi ilichemshwa nalo.

Sikupiga kelele. Naapa sikupiga kelele, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Kasema: "Mke wangu, si wewe uliyesema limepinda? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitakutengenezea jipya, kwa mkono wangu. Zuri kuliko lile."

Kwa mkono wangu, kasema.

Nikainywa chai. Yote. Alipotoka kwenda kwa seremala kutafuta ubao, nikachokoa majivu kwa kijiti. Misumari ya baba ilikuwa mle, myeusi, bado ina joto. Nimeiokota yote nimeitia kwenye kopo la maziwa. Sijui ya nini. Nimekaa na kopo mapajani nikalia kwa sauti — kulia kwa mtu ambaye hana wa kumlaumu.

Baba, nisamehe. Nilihitaji mtu wa kumtupia lawama, na wewe ulikuwa hupo kujibu.


Jumatano, 13 Machi

Karudi na ubao mzuri, mkavu, seremala kaupiga randa mpaka unateleza. Huyu seremala ni jirani yetu ukuta kwa ukuta, mwanamume mnene mwenye sauti nyembamba, kila kitu kwake ni mzaha. Leo kachungulia dirishani, kapaza sauti: "Jamani! Kipara anatengeneza chanuo! Atachana nini?" Kipara akajibu kwamba atazichana nywele za mke wa seremala, maana zina haja. Wakacheka wote wawili. Hata mimi.

Kapima, kachora mistari kwa penseli. Mkono wa kulia unachora, kiwiko cha kushoto kimelala juu ya ubao kama uzito. Mistari imenyooka. Alikuwa anapiga mluzi. Muda mrefu sijamsikia akipiga mluzi. Nikawaza: labda niache. Labda hii ndiyo dawa, mtu kuwa na kazi ya kufanya. Labda mkono utakumbuka.

Unaona ninavyojidanganya? Hata mimi mwenyewe sijiamini tena.


Alhamisi, 14 Machi

Misumari. Nimekuwa nikiiogopa tangu jana, maana msumari unashikwa kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa napanga vitita vya mtande wa pili, nimempa ubavu. Nyundo inapiga — ko, ko, ko. Polepole lakini inapiga. Kisha ikapiga sauti nyingine, nzito, isiyo ya chuma. Nikangoja aseme "aa!" Kila mwanamume duniani akijigonga kidole hutukana ukoo mzima wa nyundo.

Kimya. Ko, ko, ko, tena.

Nikageuka. Damu ilikuwa inatiririka kwenye ubao, inafuata mistari ya penseli. Na yeye ameinama anaendelea kupigilia, anapiga mluzi. Hajui. Hakuwa anajikaza! Hakuwa anajua!

Nikasema: "Kidole chako."

Akakitazama. Akakitazama kama kidole cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale mezani. Kisha akanitazama mimi — na hapo ndipo tungeweza kusema. Wote wawili. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikatafuta kitambaa, yeye akasema: "Nyundo ya seremala ni nyepesi, hata haiumi."

Tukaenda zahanati. Muuguzi mmoja mkubwa wa makamo, mpole, kasafisha, kafunga. Kucha imeng'oka. Kamuuliza: mzee, haikuuma? Kipara kajibu, mimi fundi, nimezoea. Muuguzi kakunja uso kidogo. Kanigeukia mimi. "Mama, kuna jingine lolote?"

Alisubiri. Alikuwa na bomba la sindano mkononi, akaliweka chini ili anisikilize vizuri.

Kipara alikuwa ananitazama. Siyo kwa ukali. Alikuwa ananiomba.

Nikasema hapana.

Mimi, Pilipili! Mwenye mdomo wa kuuza! Niliyemfukuza mtoza kodi kwa maneno matupu, niliyemwambia shemeji yangu mbele ya wageni kwamba miguu inanuka! Neno moja tu lilitakiwa, na muuguzi kaliandalia mahali pa kukaa, na mimi nikasema hapana.

Tumerudi kwa miguu. Kiatu kinakwaruza. Sasa hata huhitaji kusikiliza.


Ijumaa, 15 Machi

Misumari iliyobaki kaipigilia seremala. Kipara alikaa pembeni na kidole chake kilichofungwa kama mtoto mchanga kwenye kanga, akitoa maagizo. Seremala leo hakufanya mzaha. Alipomaliza akalaza rula juu ya meno, akaipeleka mwanzo hadi mwisho. Kasema: hili hata ukimpa mpima ardhi halina kosa. Nafasi ni moja, kote.

Alikuwa anajaribu kunifurahisha. Hakujua alichoninyang'anya.

Wakati anaondoka akanivuta karibu na pipa la maji. Kasema kwa sauti ya chini — shemeji, jana alikuja kuniazima nyundo, akasahau kwamba anayo mkononi. Hapana, hakusahau, kasema. Hakuihisi. Kasema: mpeleke. Nikamwambia nimempeleka. Ni kweli, si nimempeleka?

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna anayesema inavyotelemka.


Jumamosi, 16 Machi

Nimempigia binti yetu simu nikiwa dukani ili baba yake asisikie. Nimesema yote. Kikombe, vifungo, kidole. Nimesema hata la muuguzi. Mwenye duka kajifanya anapanga sabuni.

Binti yangu hajanigombeza. Ningetaka anigombeze. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima kuliko yangu: "Mama, ni lini mkono ulianza?" Nikasema. Kasema gari la kukodi halipatikani leo wala kesho, atakuja Jumatatu mapema na kumchukua moja kwa moja hospitali kubwa. "Usimfanyishe kazi. Usimwambie kitu, atakataa. Mwache tu apumzike."

Apumzike. Anasema neno hilo hajui lilivyo katika nyumba hii.


Jumapili, 17 Machi

Nilimwambia tusifanye kazi leo. Kasema mwalimu mkuu anangoja. Nikamwambia kidole. Kasema kidole kimoja, ninavyo tisa. Nikamwambia naumwa kichwa — akacheka, "kichwa, siyo mgongo tena?" Na tayari alikuwa ameshalibeba chanuo jipya, kalifunga nyuma ya kitanda, anangoja. Kavaa shati safi. Alikuwa kama bwana harusi.

Nikapanga nyuzi. Kitita kwa kitita ndani ya meno mapya. Yanakubali vizuri sana, hayakwaruzi uzi, baba mwenyewe angelisifu. Nikafunga kifuniko. Yeye akaenda mbele, akagawa nyuzi nusu kwa nusu, akazizungushia viganja.

"Viringisha," kasema.

Nikaviringisha. Na kwa sababu mimi ni mimi, nilikuwa na gazeti limekunjwa chini ya gauni. Ukipachika karatasi kwenye gogo upande uliolegea, gogo linanenepa upande ule na nyuzi zinakaza. Kila mfumi anaujua ujanja huo. Kila raundi nikawa napachika kidogo upande wake wa kushoto. Mtande ukatulia. Ukakaa sawa! Nikawaza tutafika, tutafika mwisho, kitambaa kitatoka kizuri, kesho binti atamchukua akiwa mtu aliyefuma vizuri jana yake. Hilo tu ndilo nilitaka. Siyo mengi.

Gazeti likaisha.

Nyuzi zikaanza kushuka. Moja, halafu kundi, kisha upande wote wa kushoto ukalala kama nyasi zilizokanyagwa. Mimi nikaendelea kuzungusha. Nilizungusha nikitazama ukuta.

"Simama," kasema.

Kafunga nyuzi zake kwenye msumari wa nguzo, kaja nyuma. Polepole, kiatu kikikwaruza. Kainama kwenye gogo. Kaona ncha ya gazeti. Kalivuta, likatoka kipande kwa kipande, refu, na michezo na matangazo ya vifo, na kila kipande kilipotoka nyuzi zilizokuwa zimekaza zikalegea mbele ya macho yetu. Kakikunja kila kipande kwa mkono wa kulia akitumia paja. Kaweka mfukoni.

Nikasema: "Ni misumari ya siku hizi, haina—"

"Tugeuze," kasema.

"Tugeuze nini?"

"Chanuo. Kichwa kiende mguuni. Kama lina kasoro, ulegevu utahamia kulia." Kisha kalipapasa lile la kwake jipya kwa kidole kizima, kama nilivyolipapasa la baba. "Chanuo halina kushoto wala kulia, mke wangu. Mtu ndiye anavyo."

Kwa nini hakuligeuza lile la kwanza? Kila mfumi angeligeuza kabla ya kulichoma. Ni jambo la dakika chache. Kila mfumi! Nimesimama pale na swali hilo kooni na nadhani analiona, kwa sababu kasema, bila kunitazama: "La baba yako sikuthubutu."

Basi alijua. Alichoma ili asigeuze.

Nimesema nimsaidie kuhamisha vitita. Kakataa. Kasema kaa, pumzika — mimi ndiye niliyeambiwa nipumzike! Nimekaa hapa jikoni, mlango uko wazi, naandika ili nisimtazame na namtazama. Anatoa nyuzi meno ya upande huu anazipeleka upande ule, kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ameuweka juu ya gogo, na kile kidole cheupe kimesimama. Zikimponyoka anaanza upya. Hajatukana hata mara moja.

Simu imelia mezani, ni binti yetu. Sijaipokea.

Seremala kachungulia, kaondoka kimya.

Sasa anafunga kifuniko. Kashika ncha moja ya kamba kwa mkono, nyingine kwa meno, anavuta. Kimekaa. Anatembea kwenda mbele. Anazungushia nyuzi viganja, kwanza kulia, kisha anaubeba mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na kuupeleka mahali pake.

Mungu, mimi sijakuomba kitu siku nyingi. Fanya chanuo liwe bovu. Fanya seremala awe mlevi, rula iwe ya uongo, penseli iwe ilipinda. Hamishia ulegevu kulia. Nitachukua aibu yote, nitamwomba radhi kila mtu aliye hai na baba pia.

Ananiita.

"Pilipili. Njoo uviringishe."

Hajainua macho. Ananingoja, kakaza upande mmoja.